Mgeni Ndiye Aipaye Meza Heshima

Yako mambo mengi ambayo watu wazima huyafanya vibaya kwa sababu tu huyaona madogo. Moja katika hayo ni kuchagua mahali pa kula chakula siku ya furaha. Mtu yule yule ambaye hawezi kununua ng'ombe bila kumzunguka mara tatu, kumtazama meno na kumpapasa kiwele, humpeleka mama yake mzazi katika hoteli asiyoijua kwa kuwa amesikia jina lake likitajwa na wakubwa. Ng'ombe huchunguzwa, karamu ya mama hubahatishwa. Desturi hiyo nimekusudia kuipinga katika insha hii. Wewe, msomaji kijana, ndiwe nitakayekufanya hakimu wa maneno yangu, maana miaka si mingi mshahara wako wa kwanza utakuwa mkononi, na jambo hili litakuwa lako.

Kabla ya kuendelea, yafaa tulitazame neno lenyewe. Kwetu hoteli ni jumba lenye vyumba mia, na hoteli ni kibanda cha chai chenye mabenchi mawili na birika jeusi kwa moshi. Lugha yetu haikuona haja ya kuvitenga viwili hivi, na nadhani ilikuwa na busara, kwa kuwa katika vyote viwili mtu huingia na njaa akatoka ameshiba. Nitumiapo neno hoteli hapa nina maana ya vyote viwili.

Tusibishane hewani, natuweke mfano. Tuseme mama mmoja wa hapa kwetu Endarasha, mkulima wa viazi na kabeji, atimiza miaka sabini. Watoto wake watatu wako kazini Nairobi. Wameshauriana kumfurahisha kwa namna ambayo hajapata kuiona: atateremka mjini siku ya Jumamosi, atakula nao chakula, kisha watamwongoza hadi Jumba la Michezo la Taifa akaone mchezo wa kuigiza uchezwao kwa lugha aijuayo. Shauri hili ni jema, wala sioni la kulilaumu. Lakini lifikapo swali la wapi wale kabla ya mchezo, udugu huvunjika vipande vitatu. Wa kwanza ataka hoteli kubwa yenye mabawabu waliovaa kofia. Wa pili ataka waende nje ya mji wakale nyama choma, kwa kuwa karamu bila nyama si karamu. Wa tatu, aliye mdogo wao, asema mama aulizwe, na wenzake wamcheka.

Mimi nasimama upande wa huyu mdogo. Nasema kuwa chakula kitanguliacho mchezo hakina budi kuwafuata wawili: mtu mwenye siku yake, na mchezo wenyewe. Mwenye kulipa hana sauti katika jambo hili, hata fedha ikiwa yake yote. Tena nasema kuwa hoteli hupata heshima kwa mgeni, na hapana hoteli iliyopata kumpa mgeni heshima asiyokuwa nayo alipoingia.

Ushahidi wa neno hili tunao hapa hapa kwetu Nyeri. Mwaka 1932, katika msitu wa Nyandarua, kilijengwa kibanda cha mbao juu ya mti wa mugumo, ili wageni wapate kuwatazama wanyama wakija kunywa maji usiku. Kiliitwa Treetops. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 alikuwa humo Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza. Baba yake alifariki usiku ule, na yule aliyepanda mti akiwa binti mfalme akashuka akiwa malkia. Tangu hapo jina la Treetops lilienea ulimwenguni kote. Mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, kibanda kile kiliteketezwa kwa moto, na mwaka 1957 kikajengwa kingine karibu na pale. Mbao za kwanza ziligeuka majivu, lakini sifa haikuungua, maana haikuwa sifa ya mbao. Ilikuwa sifa ya mgeni.

Basi, ikiwa mgeni ndiye aliyekipa kibanda cha msituni jina, kwa nini mtoto wa Endarasha aamini kuwa mama yake atapewa utukufu na vitambaa vyeupe vya meza? Mwanamke aliyelima katika baridi ya asubuhi, akabeba maji na kuni, akalipa karo kwa magunia ya viazi, anaingia katika kila chumba na heshima yake. Atakapoketi, hapo ndipo meza kuu ilipo.

Hata hivyo, ndugu wa kwanza, yule mpenda hoteli kubwa, anayo hoja nzito kuliko anavyodhani mwenyewe, na si haki kumhukumu kabla hajasikilizwa. Jumba la Michezo la Taifa liko katika barabara iitwayo Harry Thuku, na limekabiliana na hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa mwaka 1904. Tarehe 16 Machi 1922, karibu na mahali hapo, watu wengi walikusanyika kudai Harry Thuku aachiliwe kutoka kizuizini. Walipigwa risasi na askari, na imesimuliwa mara nyingi kuwa baadhi ya wazungu waliokuwa barazani mwa hoteli nao walifyatua bunduki. Miongoni mwa waliouawa alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru, ambaye kumbukumbu yake haijafutika. Katika siku zile, na kwa miaka mingi baadaye, Mwafrika aliingia katika hoteli kama ile kwa mlango wa jikoni, akiwa mpishi au mchukuzi wa mizigo. Mahali ambapo watu wa rangi zote waliweza kuketi meza moja palikuwa haba, hata ilipoanzishwa United Kenya Club mwaka 1946 kwa kusudi hilo hilo, lilikuwa jambo la kustaajabisha.

Jumba la michezo nalo halikuzaliwa kwa ajili yetu. Lilifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule ilipotangazwa hali ya hatari, na kwa miaka mingi jukwaa lake lilitumikia zaidi burudani za walowezi. Hata baada ya uhuru wa mwaka 1963 ugomvi haukuisha. Mwezi Oktoba 1976, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo juu ya kesi ya Dedan Kimathi ulipewa siku chache tu katika jumba hilo, hali nafasi nyingine zilikuwa zimekwisha wekewa maonyesho ya kigeni. Kimathi huyo ni mtu wa Nyeri. Alihukumiwa Nyeri mwaka 1956, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Mchezo ulipokwisha, watazamaji waliungana na waigizaji wakatoka nje wakiimba na kucheza, barabarani pale pale palipomwagika damu mwaka 1922.

Ndugu wa kwanza akiyajua haya atasema: "Mlango uliofungwa mbele ya bibi yetu na ufunguliwe mbele ya mama yetu. Aketi barazani, aletewe chai na mtu mwenye glavu, na hiyo ndiyo haki iliyopiganiwa." Sitaki kulidharau neno hili. Ni neno la mtu mwenye kumbukumbu, na mtu asiye na kumbukumbu hafai kuandaa karamu ya mzee. Lakini lina kosa moja kubwa ndani yake. Haki ya kuingia si amri ya kuingia. Waliopigania mlango ule hawakukusudia watoto wao wausujudie. Walitaka watoto wapite wakitaka, na wapite mbali wakitaka, na katika yote mawili wasimwogope mtu. Mtu aingiaye hoteli kubwa kwa hofu ya kuonekana maskini bado anatumwa na mlango ule ule. Bawabu wa rangi ameondoka, lakini bawabu wa bei amesimama mahali pake.

Tena haki hiyo, kama ni haki, ni ya nani? Ni ya mama. Kama akiulizwa atasema, "Naam, nimelisikia jina la hoteli hiyo tangu utotoni, nataka kuketi pale niwaone wapitao," basi apelekwe, aketi, na bei isitajwe mbele yake. Hiyo itakuwa karamu ya kweli, hata akinywa kikombe kimoja cha chai. Kosa ni kuchukua hamu ya mwana na kuibandika jina la mama. Wengi wapendao kuwapeleka wazazi katika hoteli za fahari hawawapeleki wazazi; hupeleka simu zao zikapige picha, na mzazi huwa pambo la picha.

Sasa mtazame mama huyo mezani. Ameletewa kitabu cha vyakula. Majina yaliyomo ni ya Kifaransa na ya Kiitalia, na bei zake ni ndogo kwa maandishi na kubwa kwa hesabu. Alisoma kwa shida enzi zake, au alisoma vizuri kwa Kikuyu na Kiswahili, lakini maneno haya hayamwambii neno. Anamtazama mwanawe, mwanawe anatazama simu. Anaona aibu kuuliza, basi anaelekeza kidole mahali popote. Kinaletwa kitu kidogo katikati ya sahani pana, nacho ni kibichi upande mmoja. Visu ni vitatu na uma ni tatu. Mikono ambayo haikushindwa na jembe inashindwa na chuma chembamba, na mjukuu anacheka. Hakuna aliyemtukana, kila mtu amefanya adabu, na hata hivyo amerudishwa darasa la kwanza siku ile ile aliyotimiza miaka sabini. Chakula kilicholiwa kwa haya hakishibishi. Atasema, "Ahsanteni wanangu, nimeshiba," na atakuwa amesema uongo wake wa kwanza wa siku hiyo kwa ajili ya kutunza heshima yenu.

Waswahili walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hoteli nayo ni vivyo hivyo. Mlango wa kioo haumwambii mtu kama ndani kuna kiti chenye egemeo kwa mgongo wa mzee, kama choo kiko ghorofa ya chini au lazima apande ngazi thelathini, kama muziki hupigwa kwa kelele hata watu wasisikizane. Mambo haya ndiyo yanayofanya karamu iwe karamu, na hakuna hata moja linaloonekana katika picha ya tangazo.

Nimekwisha semezana na ndugu wa kwanza. Namwendea wa pili, mpenda nyama choma. Yeye simlaumu kwa fahari, maana hana fahari. Namlaumu kwa kutojua saa. Kila mtu aliyekaa katika hoteli ya nyama anajua kwamba nyama choma haina haraka. Huchagua mguu wa mbuzi, hupimwa, hupelekwa motoni, na mwenye kuungoja hula mate yake saa nzima au zaidi. Siku isiyo na shughuli nyingine kungoja huko ni sehemu ya utamu. Watu huzungumza na kukumbushana mambo ya kale. Lakini kabla ya mchezo, kila dakika ya kungoja yaibiwa kutoka kwa waigizaji.

Natupige hesabu pamoja, kwa maana hesabu haipendelei mtu. Mchezo tuseme waanza saa kumi na mbili na nusu jioni. Mzee apaswa kuwa amekaa kitini robo saa kabla, kwa kuwa ngazi za jumba hupandwa polepole na taa zikizimwa hazimsubiri mtu. Awe mlangoni saa kumi na mbili kamili. Hesabu ya chakula iwe imelipwa saa kumi na moja na nusu, ili kuwe na muda wa kunawa, kwenda msalani na kutembea. Ili ale kwa saa moja bila kuharakishwa, chakula kiwe mezani saa kumi na nusu. Na ili kiwe mezani saa hiyo, kiagizwe saa kumi. Basi hiki kiitwacho chakula cha jioni kumbe ni chakula cha alasiri! Saa hiyo baadhi ya hoteli kubwa zimekwisha ondoa chakula cha mchana na bado hazijapika cha usiku, na mgeni huambiwa kuna chai na keki tu. Hoteli ndogo, ambayo masufuria yake hayashuki motoni tangu asubuhi, humpa mtu chapati na mchuzi wa moto saa yoyote aingiapo. Katika jambo hili mdogo amemshinda mkubwa, na hapana kofia ya bawabu iwezayo kuubadili ukweli huu.

Usisahau safari pia. Kutoka Endarasha mtu hushuka Mweiga, hufika Nyeri, hungoja gari lijae, kisha hupita Karatina, Sagana na Thika. Kati ya Nyeri na Nairobi pekee ni kilomita 150 hivi. Aondokaye kwake saa mbili asubuhi na afike mjini saa saba mchana ashukuru. Miguu imevimba na kiuno kinauma. Mtu wa namna hiyo hatakiwi kuzungushwa tena katika foleni za magari kwenda nje ya mji kwa ajili ya ubavu wa mbuzi, kisha kurudishwa mbio mbio akiwa na mafuta mdomoni. Mahali pa chakula pawe karibu na jumba la michezo, hata aweze kwenda kwa miguu, akiwa ameshika mkono wa mwanawe, kabla giza halijaingia.

Nasi walimu tunalo jambo la kushuhudia juu ya tumbo na jukwaa. Tuwapelekapo wanafunzi kwenye mashindano ya michezo ya kuigiza, twajua kwamba mtoto mwenye njaa haoni mchezo. Humwona mwuza mandazi aliye nje. Twajua pia kwamba mtoto aliyejazwa ugali na nyama hadi shingoni husinzia kabla ya tendo la pili. Tumbo likijazwa kupita kiasi, akili hukaa kando. Kwa wazee ni zaidi, na wengi wao wamekwisha kuambiwa na waganga wapunguze chumvi, mafuta au sukari. Chakula cha kabla ya mchezo kiwe chepesi: supu, samaki, matoke, mukimo kidogo, githeri yenye mboga, tunda na chai. Vinywaji vya kulevya vikae mbali hadi pazia lishuke, maana mlevi huona mchezo wake mwenyewe ndani ya mchezo wa watu.

Wafaransa ndio walioupa ulimwengu neno restaurant. Katika karne ya 18, mjini Paris, neno hilo lilikuwa jina la mchuzi uliopikwa polepole ili kuwarudishia nguvu watu waliodhoofika. Baadaye likawa jina la nyumba zilizouuza mchuzi huo. Watu wetu wapendao kutamka neno hilo kwa madaha wangefaidika wakikumbuka asili yake. Nyumba ya chakula ilianza kwa bakuli la mchuzi na mtu aliyechoka. Mama yetu wa Endarasha, aliyeshuka garini baada ya safari ya saa tano, ndiye hasa mgeni aliyekusudiwa.

Nakuja sasa kwenye fedha, ambayo watu wengi huificha nyuma ya mapenzi. Watoto watatu wanaweza kutumia katika hoteli ya fahari fedha za mwezi mzima, na wakati huo huo wakamnung'unikia mwuza tiketi kwamba kiingilio ni ghali. Si ajabu sahani moja ya hoteli hiyo kupita bei ya tiketi yenyewe. Tazama jambo hili lilivyopinduka! Waigizaji walijifunza maneno yao kwa wiki nyingi. Wengi wao walikwenda mazoezini kwa miguu. Usiku mmoja huo ndio mavuno yao. Sahani ya nyama yaweza kuliwa kesho. Mchezo wa jukwaani hauwezi kurudishwa nyuma kama picha za simu. Aliyekosa mwanzo ameukosa, na aingiaye kwa kuchelewa huwavuruga walioketi na humwonyesha mwigizaji mgongo wa watu wanaosimama kumpisha. Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Sisi tumewatunza wenye hoteli kwa noti, na wachezaji wa kwetu tumewatupia sarafu.

Wako watakaonipinga kutoka pande nyingine mbili, na yafaa niwajibu. Wa kwanza watasema kuwa kusherehekea siku ya kuzaliwa ni desturi ya kigeni. Wazee wetu walihesabu umri kwa marika na kwa matukio, na wazee wengi hata hawaijui tarehe yao ila ile iliyokisiwa katika kitambulisho. Ni kweli. Lakini kumshukuru mama si desturi ya kigeni, na siku ya kumshukuru yaweza kuchaguliwa kama siku ya arusi ichaguliwavyo. Tena hoja hii yanisaidia mimi: ikiwa siku yenyewe tumeipanga sisi, basi hatufungwi na kanuni za watu wengine za jinsi ya kuila.

Wa pili watasema kuwa kumwuliza mama ni kuiharibu furaha, kwa kuwa zawadi tamu ni ile isiyotazamiwa. Nami nawajibu: mfiche mchezo, usimfiche chakula. Moyo hupenda kushtukizwa. Tumbo na magoti hayapendi. Waweza kumwuliza siku nyingi kabla, kwa maneno ya kawaida, ni chakula gani akitamani akiwa safarini, ni kiti gani kinachomfaa, apenda watu wengi au mahali pa utulivu. Mtoto asiyeweza kuyapata majibu haya bila kuitoa siri hakuishi na mama yake. Alikaa naye tu.

Nisije nikadhaniwa kuwa nahubiri ubahili, au kwamba nautukuza uchafu kwa jina la mila. Hoteli ndogo isiyonawisha mikono, yenye nzi juu ya sahani na mwenyeji mkali, haifai kwa mama wala kwa mtu yeyote. Umaskini si kisingizio cha kumlisha mzee vitu vya jana. Nasema tu kwamba ukubwa si usafi, ghali si tamu, na mbali si heshima. Nenda mwenyewe wiki moja kabla, saa ile ile mtakayokwenda naye. Kaa katika kiti atakachokalia. Agiza chakula atakachoagiza, uhesabu dakika zinazopita. Panda ngazi za choo. Uliza bei yote, pamoja na nyongeza zinazofichwa mwishoni. Mtazame mhudumu anavyomsemesha mteja aliyevaa vibaya, maana hivyo ndivyo atakavyomsemesha mama yako iwapo viatu vyake vitakuwa na udongo wa shambani. Kisha tembea kutoka hapo hadi jumba la michezo kwa mwendo wa mtu wa miaka sabini. Ukimaliza hayo utakuwa umemchunguza ng'ombe wako, na waweza kumnunua.

Msomaji kijana, maneno haya yaonekana kuwa ya chakula, lakini utaona ukikua kwamba ni ya mambo mengi. Mtu huchagua shule, kazi, nyumba na hata mchumba kwa kipimo kile kile alichozoea kuchagulia hoteli. Aliyezoea kuuliza, "Watu watasemaje wakiniona hapa?" atauliza hivyo maisha yake yote, na atakufa akiwa amekaa katika viti vingi vizuri visivyokuwa vyake. Aliyezoea kuuliza, "Huyu niliyemwalika atakuwa na raha?" amejifunza nusu ya utu, na nusu ya pili haitamshinda.

Basi siku yako itakapofika, nawe una fedha mfukoni na mzazi wako yu njiani kuteremka kutoka baridi ya Nyandarua, mpe kiti kizuri, chakula akijuacho, muda wa kukila, na barabara fupi ya kwenda mchezoni. Mwache achague yeye kati ya baraza la Norfolk na benchi la mwuza chapati. Na achaguapo benchi, keti karibu naye bila kutazama huku na huku. Taa za jumba zitakapozimwa, awe ameketi mbele, ameshiba kwa kiasi, macho yake makavu na wazi, tayari kucheka kwa lugha yake katika jumba ambalo halikujengwa kwa ajili yake.